Besi ya Dola 140: Uchambuzi wa Ununuzi Mmoja Lubumbashi

Kwaya moja ya kanisa katika komini ya Kamalondo, Lubumbashi, ilikuwa na dola 300 za Kimarekani na haja ya gitaa la besi. Fedha hizo zilikuwa michango ya wanakwaya wenyewe, wengi wao wauzaji wa sokoni, walimu na wanafunzi, na mama mweka hazina alikuwa amezitunza kwa uangalifu mkubwa. Besi yao ya zamani ilikuwa imevunjika shingo, na kwa muda mrefu mpiga kinanda ndiye aliyeziba pengo kwa mkono wake wa kushoto. Kamati ndogo iliteuliwa: Papa Prezida wa kwaya, maestro, mama mweka hazina, na mpiga besi mwenyewe, ambaye ni kijana wa chuo kikuu. Mimi niliombwa niandamane nao kwa kuwa nimeshughulika kwa miaka mingi na magitaa ya bei nafuu, nikiyakagua na kuyarekebisha.

Swali lililokuwa mbele ya kamati hiyo ni swali la wanamuziki wengi wa miji yetu: gitaa la bei nafuu linawezaje kufanya kazi kubwa kuliko bei yake, na mnunuzi atalitambuaje akiwa amelishika mkononi huku muuzaji akimtazama? Jibu ninalolitetea ni hili. Bei ya gitaa hupunguzwa kwa njia mbili, ama kwa kupunguza kazi ya mkono, ama kwa kupunguza ubora wa mbao na vyuma. Upungufu wa kwanza unaweza kumaliziwa na fundi mzuri wa hapa Lubumbashi kwa gharama ndogo. Wa pili hauna dawa. Kwa hiyo gitaa la kutafutwa ni lile ambalo shingo yake ni nzima lakini kazi yake haijakamilika, wala si lile linalong'aa machoni huku shingo yake imefikia mwisho wa uwezo wake.

Bei nafuu hutoka wapi

Mwaka 1951 Leo Fender, katika mji wa Fullerton huko California, alitoa sokoni besi ya umeme iitwayo Precision. Jambo lenye uzito kwa mada yetu ni namna alivyoiunda: mwili wa ubao mzito usio na uwazi ndani, shingo iliyotengenezwa kando na kufungwa kwa skurubu nne, na vipande vingine karibu vyote vinavyofunguliwa kwa bisibisi. Jazz Bass, iliyotoka mwaka 1960, ilifuata njia hiyohiyo. Chombo kilichoundwa kwa vipande namna hiyo kinaweza kutengenezwa mahali pengine, kwa ujira mdogo zaidi, bila kupoteza umbo lake, na ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1982 Fender ilianza kuuza magitaa yaliyotengenezwa Japani kwa jina la Squier, na baadaye kazi ya magitaa ya bei nafuu ikahamia Korea Kusini, China na Indonesia. Huko Indonesia, Cort, ambayo ni kampuni ya Kikorea, hutengeneza magitaa kwa ajili ya kampuni nyingine pia, na Yamaha ina kiwanda chake yenyewe.

Kisha zikaja mashine za kukatia mbao zinazoongozwa na kompyuta. Mashine hiyo haijui kama mwili inaoukata utauzwa kwa dola 200 au kwa dola 1,000. Hukata vilevile, kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Ndiyo sababu besi nyingi za bei nafuu za miaka hii zina vipimo sahihi kuliko zile za zamani za bei hiyohiyo, jambo ambalo wapigaji wenye umri mkubwa huchelewa kulikubali. Kinachobaki kwa mkono wa binadamu ni kusawazisha freti, yaani vile vyuma vilivyopandwa shingoni kwa kukingama. Kulainisha ncha zake. Kuchonga mifereji ya kizingiti kinachopokea nyuzi karibu na kichwa. Na kupanga kimo cha nyuzi. Kazi hizo zinadai muda, na muda wa mfanyakazi ndio kiwanda cha bei nafuu kinaoubana kwanza. Gitaa hufika dukani likiwa limekatwa vizuri na kumaliziwa haraka.

Hapo ndipo nafasi ya mnunuzi wa Lubumbashi ilipo, kwa sababu tunao mafundi wenye tupa, bisibisi, na subira ya kutosha.

Magitaa matatu

Kamati ilipata magitaa matatu ya kuchagua. La kwanza lilikuwa jipya, katika duka moja la katikati ya mji: nyuzi tano, rangi nyeusi yenye kung'aa, vifundo vitano, na ndani yake kikuza sauti kidogo kinachotumia betri ya volti 9. Jina lililoandikwa kichwani halikujulikana na yeyote kati yetu. Bei, baada ya kuombana na muuzaji, ilikuwa dola 230. La pili lilikuwa Yamaha TRBX174 iliyokwisha kutumika, iliyoingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na ambayo ilikuwa imekaa muda mrefu ukutani katika nyumba moja ya komini ya Kampemba. Nyuzi zake zilikuwa na kutu, zimepanda juu mno, na kifundo cha sauti kilikwaruza kila kilipozungushwa. Mwenyewe alianzia dola 180 akashuka hadi 140. La tatu lilikuwa gitaa la zamani la umbo la Jazz Bass, lisilo na jina lolote, mikononi mwa mwanamuziki mmoja wa Katuba, kwa dola 100.

Papa Prezida alilipenda la kwanza, na sababu yake haikuwa ya kupuuzwa. Alisema kitu kipya hakina magonjwa ya mtu mwingine, na kwamba fedha za kwaya hazifai kununua matatizo. Maestro naye alitaka nyuzi tano, kwa kuwa kwaya nyingi anazozijua zimekwisha kuhamia huko. Kijana alipenda la tatu mara tu alipolisikia. Mama mweka hazina ndiye aliyeuliza swali lililotuongoza katika siku zote zilizofuata: "Papa, hili likiharibika, ni kitu gani fundi ataweza kutengeneza na ni kitu gani hataweza?"

Kilichokaguliwa

Shingo ndiyo inayotangulia, na kila kingine hufuata. Mkaguzi hulishika gitaa usawa wa jicho, akatazama kutoka kichwani kuelekea daraja, yaani kile kipande cha mwilini kinachoshika nyuzi, kingo zote mbili za shingo kwa zamu. Shingo nzuri ina mbonyeo mdogo sana, unaoruhusu uzi kutikisika bila kugusa freti. Mbonyeo huo hupimwa kwa kubana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha kutazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane: milimita 0.3 hivi inatosha. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma yenye nati, na nati hiyo ikikazwa, shingo hunyooka. Ikilegezwa, nyuzi huivuta ikabonyea zaidi. Fimbo inayozunguka kwa ulaini pande zote mbili ni akiba ya miaka mingi. Fimbo iliyokwisha kukazwa hadi mwisho ina maana kwamba akiba hiyo imeliwa.

Katika gitaa jipya la dola 230, fimbo ilikuwa imekazwa hadi mwisho, na bado shingo ilikuwa imebonyea. Muuzaji alituruhusu kujaribu kwa ufunguo wake mwenyewe, na nati haikusogea. Gitaa ambalo halijawahi kupigwa kwenye ibada hata moja lilikuwa tayari limefika mahali ambapo gitaa lililotunzwa vizuri hufika baada ya miongo. Aidha, shingo ilikuwa imefungwa kwa upande kidogo, hivyo uzi wa sol, ulio mwembamba kuliko yote, ulipita karibu sana na ukingo na kuponyoka ulipovutwa. Kasoro hii ya pili inarekebishika kwa kulegeza skurubu na kuisogeza shingo. Ile ya kwanza hairekebishiki kwa fedha ambazo kwaya ilikuwa nazo.

Gitaa la tatu lilinihuzunisha. Sauti yake ilikuwa bora kuliko zote: nzito chini, na iliyo wazi katikati, yenye tabia ambayo mbao kavu za zamani na sumaku nzuri, zile zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, huweza kuipata zikikutana. Lakini shingo yake ilikuwa imejisokota, upande wa uzi wa mi ukielekea juu na upande wa sol ukielekea chini, na fimbo ya chuma hunyoosha mbonyeo tu, haiwezi kunyoosha msokoto. Kijana alilipiga kwa muda mrefu, akazoea kukwepa freti zinazokwaruza, na akatushawishi kwamba angeweza kuishi nalo. Angeweza, kwa mwaka mmoja. Nilimshauri mwenye gitaa atafute shingo nyingine ya vipimo hivyohivyo, kwa kuwa mwili wake na sumaku zake zinastahili. Kwaya, hata hivyo, haikuwa na shingo ya akiba wala uhakika wa kuipata.

Ilibaki Yamaha, na hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui. Nyuzi zilizopanda juu huficha kasoro za freti. Freti iliyojitokeza kupita wenzake haikwaruzi uzi ulio mbali nayo, kwa hiyo gitaa lenye nyuzi za juu linaweza kusikika safi kila mahali na bado likawa bovu. Tulimwomba mwenyewe ruhusa ya kushusha vikalio vya nyuzi pale kwenye daraja kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, akakubali bila manung'uniko. Kisha tukaweka rula fupi ya chuma juu ya freti tatu tatu, tukitelemka shingo nzima: rula ikiyumba, freti ya katikati imepanda. Iliyumba mahali pachache, kwa kiasi ambacho tupa ingetosha. Baadaye kijana alipiga kila uzi kwenye kila freti, nafasi 96 kwa jumla kwa kuwa gitaa hilo lina nyuzi nne na freti 24. Zote zililia, isipokuwa uzi wa sol kwenye freti ya sita, ambapo noti ya do diezi ilizimika haraka kuliko jirani zake.

Noti hiyo dhaifu ilizua hofu katika kamati, na hofu hiyo inahitaji kujibiwa kwa utulivu. Besi nyingi zenye shingo ya kufungwa kwa skurubu zina mahali pa namna hiyo, mara nyingi kwenye uzi wa sol kati ya freti ya tano na ya saba, na hata zile za bei kubwa hazikusalimika. Chanzo chake ni shingo yenyewe kutikisika pamoja na noti na kumeza nguvu yake. Haina uhusiano na freti, wala fundi hawezi kuiondoa kabisa. Lakini do diezi hiyohiyo inapatikana kwenye uzi wa re, freti ya kumi na moja, na mpigaji aliyekwisha kujua hilo hupita bila shida.

Kwa nini usawa wa noti ulipewa uzito kuliko utamu wa sauti? Kwa sababu ya muziki wenyewe. Katanga ni nchi ya gitaa tangu zamani: Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kubeba besi yote peke yake. Msikilizaji wa hapa amelelewa kuifuata besi kama sauti kamili inayozungumza. Katika nyimbo za kwaya zetu, hasa sehemu ya mwisho pale mwendo unapochangamka, besi huruka kutoka noti za chini hadi za juu, hunyamaza kwa ghafla, na hurudi. Noti moja inayokwaruza au kufifia katikati ya mruko huo husikika hadi benchi la mwisho, hali utamu wa jumla wa sauti unaweza kurekebishwa kwenye ampli, yaani mashine yenye spika inayokuza sauti ya gitaa.

Uzi wa tano na spika ya inchi 10

Hoja ya maestro ilistahili kupimwa kwa haki. Uzi wa tano, ambao ni wa noti ya si iliyo chini ya mi, hufungua noti ambazo nyuzi nne hazina, na huruhusu mpigaji kubaki mahali pamoja shingoni badala ya kukimbia. Lakini hoja hiyo inakutana na vikwazo viwili.

Kikwazo cha kwanza kiko ndani ya gitaa. Urefu wa uzi unaotikisika katika besi nyingi ni inchi 34, yaani sentimita 86.4, na katika urefu huo uzi wa si huwa legevu kuliko wenzake. Kuifanya ilie kwa uthabiti kunadai shingo ngumu, daraja zito na kizingiti kilichochongwa vizuri, vitu ambavyo ni vya kwanza kukosekana gitaa linapotengenezwa kwa bei ya chini. Kwa fedha zilezile, kiwanda kinachotoa nyuzi tano kimegawanya ubora wake kwa vitu vingi zaidi. Gitaa tulilolijaribu dukani lilionyesha hivyo waziwazi: uzi wake wa si ulikuwa na mtikisiko mwingi na noti kidogo.

Kikwazo cha pili kiko kwenye ampli. Kwaya hiyo ina ampli ya kinanda yenye spika ya inchi 10. Uzi wa mi wa besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, la mara 55, re mara 73, sol mara 98. Uzi wa si hutikisika mara 31 tu. Spika ndogo katika sanduku dogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa mitikisiko mizito kama hiyo. Tunachokisikia kutoka kwake, tunapodhani tunasikia mi, ni zaidi mitikisiko yake ya mara 82 na mara 123, ambayo sikio hujaliza kwa kukisia mzizi wake. Kwa mi, ukisiaji huo unafanikiwa vizuri sana. Kwa noti ya si, kinachobaki ni mngurumo, na ngozi ya spika husukumwa mbele na nyuma kupita kiasi hadi kuchanika. Kwaya ingelipia uzi ambao vifaa vyake haviwezi kuutoa.

Maestro aliuliza basi nyimbo zao za tonaliti ya re zingefanywaje. Njia ni kushusha uzi wa mi hadi re kwa nyimbo hizo, ambapo utatikisika mara 36.7, na kijana kuzoea kwamba vidole vyake kwenye uzi huo vinasogea freti mbili. Njia ya pili, kwa atakayeihitaji siku moja, ni kufunga kwenye gitaa la nyuzi nne seti ya si, mi, la na re, na kuiacha sol; lakini hapo mifereji ya kizingiti lazima ipanuliwe, na ikishapanuliwa hairudi.

Pamoja na hayo pana suala la betri. Kikuza sauti cha ndani kina manufaa yake, na baadhi ya besi za bei nafuu zinacho kilicho kizuri. Ibanez GSR200, kwa mfano, ina kifundo cha kuongeza besi kwa umeme wa betri. Lakini waya ukiachwa umechomekwa, betri huendelea kuliwa usiku kucha, na gitaa lisilo na njia ya kupiga bila betri hunyamaza katikati ya ibada. Kwaya ambayo gitaa lake hushikwa na wapigaji zaidi ya mmoja inafaidika na chombo kisichohitaji chochote zaidi ya waya. TRBX174 ni ya namna hiyo. Ina sumaku mbili: ile ya mbele imegawanywa vipande viwili kwa mtindo wa Precision, na vipande hivyo hufuta mvumo wa umeme vyenyewe kwa vyenyewe, ile ya nyuma ni ya mtindo wa Jazz Bass, nayo huvuma ikipigwa peke yake. Katika majengo mengi ya mji wetu, ambapo nyaya za umeme hazina waya wa ardhi na jenereta huingia kazini bila taarifa, sumaku iliyogawanywa ni neema ya kweli.

Hesabu na kazi ya fundi

Kamati ilinunua Yamaha kwa dola 140. Seti mpya ya nyuzi, unene wa kawaida wa kuanzia inchi 0.045 hadi inchi 0.105, iligharimu dola 30, fundi alilipwa 25, na waya mpya pamoja na mkanda vikachukua 15. Jumla ni dola 210. Gitaa jipya lingekula 230 kabla ya fundi kuligusa, na fundi asingekuwa na la kufanya juu ya fimbo yake.

Bei ya nyuzi ilimshtua mama mweka hazina, na ninamwelewa. Kuna wanaomtaja James Jamerson, mpigaji mkuu wa besi wa studio za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, ambaye anasifika kwa kuacha nyuzi zilezile kwenye Precision yake kwa miaka. Nyuzi zake zilikuwa za uso laini, ambazo huzeeka kwa heshima. Nyuzi za kawaida zenye mikunjo hujaa jasho na kutu, hupoteza uwazi, na baya zaidi, huacha kulia sawasawa katika urefu wake wote, hivyo noti za gitaa hazikubali tena kulinganishwa. Kulipima gitaa lililokwisha kutumika huku lina nyuzi za namna hiyo ni kulionea.

Fundi wa komini ya Kenya aliyelifanyia kazi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu huo ndio uliookoa fedha. Alianza kwa kufunika sumaku kwa karatasi ya gundi kabla ya kung'arisha freti kwa pamba ya chuma, kwa kuwa vumbi la chuma hunaswa na sumaku na kuziharibu. Alisawazisha zile freti chache zilizopanda, akazirudishia mviringo wake, kisha akalainisha ncha zote. Ununuzi ulifanyika mwezi wa Agosti, na hilo lilikuwa na maana: wakati wa ukame wetu, kuanzia Mei hadi Septemba, ubao wa shingo hukauka na kusinyaa, lakini chuma hakisinyai, hivyo ncha za freti hujitokeza na kukwaruza kiganja. Anayenunua gitaa Lubumbashi katika miezi hiyo huyaona mabaya yake yote.

Baada ya freti, alifunga nyuzi mpya na kupanga mbonyeo wa shingo kwanza, kimo cha nyuzi baadaye, na ulinganifu mwisho. Anayegeuza mpangilio huo hulazimika kurudia yote, kwa sababu kila hatua huvuruga ile inayoifuata. Kimo kwenye freti ya kumi na mbili kiliwekwa milimita 2.5 kwa uzi wa mi na milimita 2 kwa sol. Ulinganifu ulipimwa kwa programu ya simu: noti iliyobanwa kwenye freti ya kumi na mbili inapaswa kuwa sawa na ile inayotoka uzi unapoguswa tu mahali hapohapo, ikiwa iliyobanwa imepanda, kikalio kinarudishwa nyuma mbali na shingo, ikiwa imeshuka, kinasogezwa mbele. Kifundo kilichokwaruza kilipuliziwa dawa ya kusafishia viunganishi, na waya uliolegea kwenye tundu la jeki ukalehemiwa upya. Hakuna kilichobadilishwa ndani ya gitaa. Wengi hukimbilia kununua sumaku mpya kabla ya kufanya hata moja ya kazi hizi, na huo ni upotevu wa fedha, maana sumaku bora hunasa kwa uaminifu zaidi kasoro zilezile.

Hukumu ingebadilika lini

Sitaki uamuzi huu uchukuliwe kama sifa ya jina moja. Squier ya daraja la Affinity, Ibanez ya mfululizo wa GSR na Yamaha hii ziko katika tabaka moja, na kati yake ningechagua ile ambayo shingo yake imenyooka siku ninapoishika. Ukutani mwa nyumba ileile ya Kampemba, kama fimbo isingesogea, ningeshauri kamati irudi nyumbani na fedha zake. Anayefikiria kuagiza kutoka Ulaya magitaa ya Harley Benton, ambayo duka la Thomann la Ujerumani huyauza kwa bei ndogo sana, aweke kwanza kwenye mizani gharama ya usafiri na ushuru wa forodha, na kwamba hatalishika gitaa kabla ya kulilipia. Kwa mkaaji wa Lubumbashi, unafuu wa bei ile hubaki Ulaya. Na kwa kundi linalopiga katika ukumbi mkubwa wenye spika za inchi 18, hoja yangu dhidi ya uzi wa tano inapoteza nusu ya nguvu zake.

Jibu la wasiwasi wa Papa Prezida lilikuja wakati wa mvua. Mwezi wa Novemba hewa ilipojaa unyevu, shingo ilijongea na nyuzi zikapanda kidogo, kama ilivyotarajiwa. Fundi alikaza fimbo robo mzunguko, akaliacha gitaa likae hadi kesho yake, akapima tena, na kazi ikaisha. Kijana sasa amefundishwa kupima mbonyeo mwenyewe kila msimu unapobadilika. Papa Prezida, ambaye alitazama kazi hiyo yote akiwa amesimama, aliomba afundishwe naye.

Zimebaki dola 90, na mjadala umehamia kwenye ampli. Maestro anataka zitumike mara moja kununua ampli ndogo ya besi. Maoni yangu ni kwamba ampli ndogo nyingine itarudia mipaka ya ile iliyopo, na kwamba fedha hizo zisubiri michango ya Pasaka hadi zitoshe sanduku lililokwisha kutumika lenye spika ya inchi 15, ambalo litautoa mzizi wa mi badala ya kuliachia sikio kuukisia. Hadi wakati huo, kijana apunguze besi kwenye ampli ya kinanda na kuongeza sauti za kati: noti zitasikika zaidi, na spika haitachanika.